Mgeni Njoo, Mhudumu Naye Apone



Mvua za Ugogoni zinapokaribia kukoma, mwezi wa Aprili, Bunge huanza mkutano wake wa bajeti, nao mji wa Dodoma hufurika wageni. Huja wabunge, huja makatibu na madereva wao, huja waandishi wa habari, wafanyabiashara na watu wenye mashauri ya kila namna, wala hawaishi kuja mpaka Juni imekwisha. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba yahamia huko, na tangu mji ulipopewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, wageni hawangoji tena msimu: juma hili ni semina, juma lijalo ni kikao. Treni ya umeme iliyoanza kuwaleta kutoka Dar es Salaam mwaka 2024 imewafupishia safari. Nazo hoteli na nyumba za wageni zimeota mitaani, toka Area C mpaka Nzuguni, kama uyoga baada ya mvua.

Hatuna neno la kulaumu juu ya hayo. Aliyejenga hoteli amewapa watu kazi, na kazi ni heri. Lakini katika hesabu zote zinazofanywa juu ya wageni wa Dodoma, hesabu ya vyumba, ya bei ya kitanda, ya kodi inayoingia, ni mara chache kusikia habari za yule aliyekitandika kitanda. Juu yake yeye twataka kusema leo. Tena twasema na familia zote za Kikatoliki, si za Dodoma peke yake. Maana vijana na mabinti wanaotandika vitanda hivyo wametoka nyumbani mwetu, na wanaolala juu yake mara nyingi ni sisi wenyewe.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Zamani maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Ukifika kwa Mgogo ulisalimiwa kwa «mbukwenyi», ukaletewa ugali wa uwele na mlenda, na mama yule aliyeusonga ugali alikula katika chungu kile kile, naye siku ile alikula vizuri kuliko siku nyingine kwa sababu yako. Mgeni na mwenyeji walipona pamoja. Leo mgeni hupokewa na mtu asiye mwenye nyumba. Hupikiwa chakula ambacho mpishi hakionji, hulala juu ya shuka ambazo aliyezifua hana za namna ile kwake. Hilo peke yake si dhambi, maana biashara ni biashara. Lakini yatupasa kuuliza: mgeni amekuja, je, aliyempokea amepona?

Katika Injili ya Mtakatifu Luka yumo mtu mmoja ambaye wahubiri humpita haraka. Sote twamkumbuka Msamaria mwema. Twawakumbuka kuhani na Mlawi waliopita kando, na twamhurumia yule aliyepigwa na wanyang'anyi katika njia ya Yeriko. Lakini ni nani aliyebaki na mgonjwa baada ya Msamaria kushika njia yake? Ni mtu wa nyumba ya wageni. Ndiye aliyebaki na vidonda vya kuosha na nguo zenye damu za kufua, ndiye wa kuamshwa usiku mgonjwa akiita. Nasi tukiisoma habari hiyo polepole, twaona kwamba Msamaria hakumwambia mtu yule kuwa kazi ya huruma haina malipo. Alimtolea dinari mbili mkononi kabla ya kuondoka. Na dinari moja, kama tujuavyo kwa mfano wa wakulima wa shamba la mizabibu, ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Kisha akaahidi kwamba gharama ikizidi, atailipa atakaporudi. Basi alilipa mapema, akakubali pia kudaiwa kilichozidi. Huruma yake kwa mgonjwa hakuijenga juu ya jasho la bure la mtu mwingine.

Sasa tuitazame Dodoma. Tumchukue, kwa mfano tu, binti wa Mpwapwa aliyemaliza kidato cha nne akakosa nafasi ya kuendelea na masomo. Nyumbani mvua imekuwa haba, mtama umekauka, na wadogo zake wadai sare za shule. Jamaa mmoja amtafutia kazi katika nyumba ya wageni mjini. Anaambiwa: njoo kesho. Karatasi hapewi. Mshahara anatajiwa kwa mdomo, tena aambiwa kwamba utaanza kuhesabiwa akishaizoea kazi. Wakati mwingine aliyempeleka hudai mshahara wa mwezi wa kwanza uwe wake, kama bei ya kumwonyesha mlango. Shirika la Kazi Duniani lilipofanya mapatano juu ya kazi za mahoteli na migahawa mwaka 1991, yale yaitwayo Mkataba Namba 172, lilitia humo kwamba kuuza na kununua nafasi za kazi katika nyumba hizo kupigwe marufuku. Hivyo ubaya huu si wa Ugogoni tu. Lakini wa kwetu ni juu yetu kuukomesha, hasa kwa kuwa anayeuza nafasi mara nyingi ni mjomba au shangazi.

Sheria ya nchi haikumwacha binti huyu bila ulinzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, iliyopitishwa mwaka 2004, yamwagiza mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: ni kazi gani, ya mahali gani, saa ngapi, kwa mshahara gani. Yuko mwenye nyumba anayedhani kwamba kwa kutokuandika neno lolote amejiokoa, kwa maana hakuna ushahidi. Amejidanganya. Sheria hiyo yasema kwamba likitokea shauri, na mwajiri asiweze kuonyesha mkataba au maelezo hayo, basi mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni wake yeye, si wa mfanyakazi. Wazazi, kabla ya kumpandisha mtoto basi, ulizeni karatasi hiyo. Si utovu wa adabu kuiuliza. Mtu akinunua ng'ombe mnadani huandikiana. Iweje mwanao aende kwa mdomo?

Yafuata habari ya saa. Sheria yasema siku za kazi zisizidi 6 katika juma, na saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Zinazozidi hapo ni saa za ziada, nazo zina mpaka wake: zisipite 50 katika majuma 4, na kila moja ilipwe mara moja na nusu. Anayefanya kazi siku yake ya mapumziko hulipwa maradufu. Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Lakini si ajabu kumkuta mhudumu wa nyumba ya wageni amesimama zamu ya saa 12, siku 7 za juma, kwa miezi yote ya msimu, na mwisho wa mwezi akapokea mshahara ule ule uliotajwa siku ya kwanza.

Tufanye hesabu moja, wala msomaji asichoke, maana ni hesabu ya darasa la tano. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 250,000 kwa mwezi katika hoteli kubwa za kitalii, 150,000 katika hoteli za kati, na 130,000 katika migahawa, nyumba za wageni na baa. (Viwango hivyo havikubadilishwa mpaka amri nyingine ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Ni zaidi ya miaka 9, na kwa miaka yote hiyo bei ya unga haikusimama kungoja.) Tushike hicho cha nyumba za wageni. Saa 45 kwa juma ni saa 195 kwa mwezi. Shilingi 130,000 zikigawanywa kwa saa 195, kila saa ni shilingi 667 hivi, na saa ya ziada ni shilingi 1,000. Mhudumu wetu wa saa 12 kwa siku 7 amefanya kazi saa 84 katika juma, yaani 39 kupita kawaida. Hizo ni shilingi 39,000 kwa juma, na kwa mwezi mzima zapata 169,000. Tumeacha pembeni kwamba siku ya mapumziko ni maradufu, tumeacha pia nyongeza ya kazi ya usiku. Hata hivyo yaonekana wazi: alicholipwa ni 130,000, alichonyimwa ni 169,000. Kilichobaki mfukoni mwa bosi kimeuzidi mshahara wenyewe. Amri zilizofuata zimevipandisha viwango, lakini uwiano wa hesabu hii haubadiliki: palipo saa 84 zinazolipwa kama 45, aliyeibiwa ameibiwa zaidi ya alichopewa.

Twatumia neno hilo, kuibiwa, kwa kukusudia. Amri ya Saba haikusema kwamba ni mwizi yule tu avunjaye dirisha usiku. Katekisimu yetu tangu zamani huhesabu kuwanyima wafanyakazi ujira wao kati ya dhambi zinazolilia mbinguni, pamoja na damu ya Abeli. Mwana wa Sira, katika Agano la Kale, hakusita kumweka anayemdhulumu kibarua ujira wake katika fungu moja na mwenye kumwaga damu. Na Mtume Yakobo awaambia matajiri kwamba ujira walioushika kwa hila una sauti, nayo imekwisha kumfikia Mungu. Mwenye hoteli aliye Mkristo, anayetoa zaka na kuchangia ujenzi wa kanisa, na ayapime maneno hayo kabla ya kuyasikia yakisomwa siku ya mwisho. Matofali hayafuti deni la mshahara.

Lakini twasikia jibu: «Amekubali mwenyewe. Nilimtajia, akasema ndiyo. Asiyetaka aende, wapo kumi mlangoni.» Jibu hilo ni la zamani, nalo lilikwisha kujibiwa. Tarehe 15 Mei 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa waraka wake mkuu juu ya hali ya wafanyakazi, Rerum Novarum, naye alifundisha humo kwamba kukubaliana kwa midomo hakutoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Ipo haki ya maumbile iliyo juu ya mapatano yote: kwamba mtu mwangalifu aweze kuishi kwa ujira wake. Na mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa mabaya zaidi, basi ametendewa kwa nguvu. Hatukubali kuiita hiyo hiari. Binti mwenye njaa akisema ndiyo, ni njaa iliyosema. Na wale kumi mlangoni hawamhesabii bosi haki. Wamwongezea hukumu, maana ameiona njaa ya watu kumi akaifanya mtaji.

Tuje sasa katika jambo ambalo wasio wafanyakazi wa mahoteli hawalijui sana, nalo ndilo linalowatoa wahudumu machozi kuliko mengine: makato. Glasi imevunjika, hukatwa. Taulo limepotea katika chumba, hukatwa aliyekifanyia usafi. Mteja amekula, amekunywa, ametoka kama aendaye msalani, hakurudi. Bili yake hulipwa na aliyemhudumia. Mwisho wa mwezi anaitwa ofisini, anaambiwa kwamba hana kitu, tena anadaiwa. Yaani amefanya kazi siku 30 akatoka na deni. Sheria ile ile ya 2004 imeliona jambo hili. Yasema mwajiri hawezi kukata mshahara kwa ajili ya hasara mpaka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mpaka amemweleza kwa maandishi sababu, kiasi, na jinsi kilivyohesabiwa. Mpaka amempa nafasi ya kujitetea. Kiasi kisizidi hasara yenyewe, na makato yasipite robo ya mshahara wa fedha. Robo, si mshahara mzima. Mteja anayetoroka bila kulipa si kosa la msichana aliyebeba sinia. Mlango una mlinzi, na biashara ina mwenyewe. Anayepokea faida siku njema apokee na hasara siku mbaya.

Nawe mteja unayetoroka ukijiona mwerevu, jua uliyemwibia. Siye tajiri.

Juu ya kazi ya usiku tutasema machache. Kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi sheria yataka nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa, na mama mjamzito asipangiwe kazi ya usiku miezi miwili kabla ya kujifungua. Daladala zinapokwisha, mhudumu anayetoka zamu saa 5 usiku kwenda Nkuhungu au Chang'ombe hana budi kupanda bodaboda, na nauli hiyo yameza sehemu ya ujira wa siku. Na yale maji! Wenyeji wa Dodoma wajua mabomba yao, na jinsi visima vya Mzakwe vilivyochoka kulisha mji unaokua kila mwaka. Bomba linapokauka hoteli haifungwi. Mtu hupandisha ndoo kwa kichwa mpaka ghorofa ya tatu, ili mgeni aoge, naye mgeni hunung'unika kwamba ndoo imechelewa.

Lipo jambo zito zaidi ambalo gazeti la familia hulisema kwa haya, lakini kulinyamazia ni kubaya zaidi. Wapo wanaume wanaodhani kwamba bei ya chumba imemtia ndani na msichana aliyeleta funguo. Na wapo mameneja wanaomwambia binti «uwe mchangamfu kwa wageni», naye aelewa vizuri maana yake, na aelewa kitakachofuata akikataa. Sheria yautaja unyanyasaji wa namna hiyo kazini, na yaukataza. Lakini hapa twataka kusema na parokia zetu. Mhudumu wa baa akija kanisani, macho hugeuka. Akina mama hunong'ona, na wengine humkataza binti yao kukaa naye benchi moja. Mbona macho hayo hayageuki yule mheshimiwa, mwenye mke na watoto, anapokuja kukaa mbele? Bwana wetu alipoletewa mwanamke mmoja peke yake katika dhambi ya watu wawili, aliinama akaandika chini. Binti anayejitunza katika kazi ile, usiku baada ya usiku, katikati ya walevi, ana ushujaa ambao wengi wetu hatujapata kujaribiwa.

Wafanyakazi wenyewe wafanye nini? Kwanza, wasione aibu kuungana. Kazi hii ina historia katika nchi yetu. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, lilipoundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu wake mkuu, wapishi, maboi na wahudumu wa mahoteli hawakubaki nyuma; na mwishoni mwa mwaka 1956 wafanyakazi wa mahoteli na wa majumbani wa Dar es Salaam waligoma wakitaka masharti yaliyo bora. Walikuwa watu wasio na elimu kubwa, na serikali ya kikoloni haikuwapenda, lakini walijua kwamba sahani kumi zikigongana hulia kuliko moja. Leo kiko CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hifadhi, mahoteli na majumbani, na sheria yampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Iko pia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza mashauri ya kazi. Anayeona kwamba ameachishwa kazi bila haki apeleke shauri lake ndani ya siku 30, na mashauri mengine ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki yao kwa kungoja bosi apoe. Bosi apoe au asipoe, siku 30 zinakwenda.

Wala wasisahau upande wao wa mizani. Mgeni asiibiwe, chakula kisiwe kichafu, simu iliyosahauliwa kitandani irudishwe. Mtakatifu Marta, tunayemkumbuka kila tarehe 29 Julai, ambaye wapishi na wahudumu humfanya msimamizi wao, alifanya kazi kwa moyo mpaka kazi ikamzidi, akaenda kulalamika. (Twapenda kukumbusha kwamba Bwana alimwonya kwa upole, lakini hakumfukuza kazi kwa kulalamika.)

Tusiwatendee wenye mahoteli kama kwamba wote ni wakatili. Wako waaminifu, nasi twawajua. Wako wenye mikopo ya benki, na wanaodai fedha za semina zilizofanyika miezi mingi iliyopita. Serikali ilipobana matumizi kuanzia mwisho wa mwaka 2015, ikakataza vikao katika mahoteli ya gharama, vyumba vingi vilikaa vitupu. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoenea ulimwenguni, watalii waliofika nchini walishuka hadi 620,867, kutoka 1,527,230 wa mwaka uliotangulia, na watu wengi wa kazi hii wakarudi vijijini mikono mitupu. Yote hayo ni kweli. Lakini mshahara wa kazi iliyokwisha kufanywa haumo katika bahati ya biashara. Ni deni. Mwenye hoteli akikosa wageni mwezi wa Septemba aweza kukosa faida. Hawezi kusema kwamba binti hakufua shuka za Juni. Na kama kweli biashara yamlazimisha kupunguza watu, awaite, awaeleze, awasikilize, kama sheria inavyotaka, badala ya kuwaacha wasome habari zao katika mlango uliofungwa.

Twawageukia wageni, maana wengi wetu tumo humo. Kamati za harusi, viongozi wa kwaya, wasimamizi wa mikutano ya vyama vya kitume, mnapotafuta ukumbi na vyumba, mwauliza bei, mwauliza vyakula, mwauliza vipaza sauti. Ulizeni pia kama wahudumu wana mikataba. Bei ikiwa ya chini mno, fikirini ni nani aliyeilipa ile iliyopungua. Bakshishi mtoe, tena mtoe mkononi mwa aliyewatumikia. Lakini ule Mkataba wa 1991 tuliokwisha kuutaja wasema kwamba bakshishi iwepo au isiwepo, mfanyakazi apate mshahara wake wa msingi kwa wakati wake. Basi tajiri asiifanye sadaka yako kuwa ndiyo mshahara wake. Nazo nyumba za wageni zilizo chini ya parokia, mashirika na majimbo ziko chini ya sheria ile ile. Msalaba ulio juu ya mlango hausamehi makato ya NSSF: asilimia 20 ya mshahara hupelekwa katika mfuko huo, na mfanyakazi asikatwe zaidi ya nusu yake.

Kwa waheshimiwa wabunge tuna neno moja. Sheria hii ninyi mliitunga, au walioketi viti hivyo kabla yenu. Mchana mwasimama bungeni kuitetea haki ya mnyonge. Usiku mwalala juu ya shuka zilizotandikwa na mtu ambaye sheria yenu haijapanda ngazi kumfikia. Mkitaka kujua kama sheria yafanya kazi, hamna haja ya kungoja taarifa ya waziri. Mwulizeni anayewaletea chai asubuhi: amelala saa ngapi, na Jumapili yake ya mwisho ilikuwa lini?

Kwa maana Amri ya Tatu, tukiifungua kama ilivyoandikwa katika kitabu cha Kutoka, haimtaji bwana wa nyumba peke yake. Yamtaja mtumishi wa kiume na wa kike, yamtaja mgeni aliye ndani ya malango, yamtaja hata mnyama. Mungu alijua kwamba bwana angepumzika bila kuamriwa. Aliamuru kwa ajili ya wale ambao kupumzika kwao kuko mikononi mwa mwingine. Hoteli haiwezi kufungwa Jumapili, twakubali. Wageni hula Jumapili kama siku nyingine. Lakini watu waweza kupokezana, na sheria yataka kila mfanyakazi apate saa 24 mfululizo za mapumziko kila juma. Kwa hiyo twawaomba wenye nyumba wabandike jikoni ratiba ya zamu kabla ya juma kuanza, wahudumu waione na kuisoma, na kila jina liwe na siku yake iliyoachwa wazi. Na siku hiyo isiwe Jumanne daima kwa huyu na Jumapili daima kwa yule, bali izunguke.

Nao maparoko twawaomba jambo lililo katika uwezo wao. Mwaka 1953 Baba Mtakatifu Pius XII alifungua mlango wa Misa za jioni, na kati ya aliowafikiria ni wafanyakazi wa zamu, ambao asubuhi ya Jumapili si yao. Zipo parokia za mjini zenye Misa tatu za asubuhi na hakuna hata moja ya jioni. Katika miezi ya Aprili, Mei na Juni, wakati mji umejaa, iwekwe Misa moja ya Jumapili baada ya zamu ya mchana kutoka, na saa yake ipelekwe kwa karatasi katika jikoni, madobi na mapokezi ya kila hoteli iliyo ndani ya mipaka ya parokia. Katekista mmoja mwenye baiskeli aweza kuzimaliza zote kwa alasiri moja.